Makaratasi Hayakuchelewa

Scarborough, jioni, mwisho wa Agosti

Mwanangu Namsifu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Ya kwako naijua. Muda si mrefu uliopita ulikuwa hapa sebuleni umelikalia sanduku ili zipu ifunge, ukacheka, ukaniambia, "Dad, come sit with me," nami nikaja nikakaa. Sasa umetoka kwenda kuwaaga wenzako kule plaza. Mimi nimebaki na kalamu, na neno ambalo nimelikwepa tangu ulipofika nchi hii.

Sitakuandikia habari za makoti wala za kula vizuri. Shangazi yako ameshakuagiza hayo kwa simu kutoka Dar mara nyingi kuliko ulivyotaka kuyasikia. Wala usishangae kwamba naandika Kiswahili, ilhali siku hizi nikikuuliza kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza. Jambo ninalotaka kukuambia nililifanya kwa Kiingereza. Nikilisimulia kwa lugha ileile, naogopa ulimi utateleza uende ulikozoea.

Nianze na ile Jumapili ya baridi uliponisomea maelezo yako. Chuo cha Uskoti kilikuwa kimekukubali, lakini ada ya mgeni ilikuwa mlima. Ulikuwa umeshinda wiki nzima unatafuta misaada, na kila mlango uliougusa ulikuta maneno yaleyale: kwa raia wa huko tu. Mwisho ukapata mfuko mmoja mdogo unaosaidia wageni wanaotaka kusoma sheria. Walitaka uandike jambo lililokufanya uwe ulivyo. Ukakaa hapa mezani, ukanisomea, na sehemu nyingine ukanitafsiria ili zinifike vizuri.

Ulisema ulilelewa na bibi yako milimani Upareni, kwa sababu ofisi za uhamiaji za Kanada zilichelewesha makaratasi yako. Ulisema baba yako hakukata tamaa, aliandika, alifuatilia, alisubiri. Ulisema unataka kuwa mwanasheria wa wahamiaji ili mtoto mwingine asingoje kama ulivyongoja.

Ukainua macho ukaniuliza, "Is it too much?"

"Hapana," nikasema. "Ni nzuri sana."

Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba, nikaketi ukingoni mwa beseni mpaka ukagonga mlango ukidhani naumwa.

Makaratasi hayakuchelewa, Namsifu. Sikuyapeleka.

Ningeweza kuishia hapo, maana hilo ndilo lenyewe. Lakini nimeona ukiwahoji watu, najua utauliza ilikuwaje. Na safari hii wewe nawe unakwenda kuwa mwanafunzi wa kigeni anayetafuta wa kumsaidia. Afadhali ujue baba yako alipita wapi na alikanyaga nini.

Nilikuja Toronto ulipokuwa umeanza kusimama kwa kushika kiti. Mama yako alikuwa ameshaolewa Mwanza. Hayo unayajua, na mna mazungumzo yenu ambayo mimi siyaingilii. Nilikuacha kwa bibi yako nikiamini nitasoma kemia, nitapata kazi, nitakuita. Baba yangu mdogo, aliyekuwa na biashara ya mbao pale Same, aliahidi kunilipia ada yote. Mwaka wa kwanza alilipa. Mwaka wa pili alipokea simu yangu akaniambia, "Elia, mbao zimekataa." Hakusema zaidi, na hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Niliyajua hayo tangu Krismasi. Kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia misaada nilikwenda karibu na kiangazi, baada ya kunyimwa matokeo yangu kwa sababu ya ada. Muda wote huo nilikuwa nikipita mbele ya mlango wao kila siku, maana ulikuwa njiani kuelekea jikoni kwa chuo nilikokuwa naosha vyombo. Enzi hizo mwanafunzi wa kigeni hakuruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo, kwa hiyo sisi wote tulijazana jikoni na maktaba. Nilikuwa nikiutazama mlango ule na kuona wanafunzi wameketi kwenye benchi wakisubiri, nami nikawahurumia kana kwamba si mwenzao. Tanzania niliondoka nikiwa mtu aliyesindikizwa na kwaya. Ningekaaje kwenye benchi la wasio na kitu?

Mama aliyenipokea alinisikiliza, akapekua vitabu vyake, akaniuliza kwa upole, "Kwa nini hukuja Januari? Januari tulikuwa na kitu kwa ajili ya wageni waliopatwa na dharura. Kimekwisha." Hilo likae nawe, mwanangu: misaada ina msimu wake kama mahindi, na aibu hukuchelewesha mpaka msimu upite. Ukiona mambo yanaanza kuyumba, nenda yakiwa bado yanayumba. Nenda ukaonane na mtu uso kwa uso. Kurasa za mtandao zitakwambia hapana kwa sababu hazikujui, lakini yule mama, baada ya kuniambia kimekwisha, alitazama dirishani, akasema, "Ngoja. Kuna watu wa kanisa moja mjini, kila mwaka humsomesha mgeni mmoja."

Hivyo ndivyo nilivyomfikia Mama Nora.

Wewe ulimjua akiwa bibi mzee anayekupeleka maktaba. Mimi nilimkuta akiwa mwalimu mkuu mstaafu, mgongo bado umenyooka, anaendesha mfuko wa masomo wa kanisa lao kutoka sebuleni kwake. Niliambiwa nifike Jumamosi tuzungumze. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwuliza Mwangi, Mkenya niliyekuwa nikiishi naye kwenye chumba cha chini ya nyumba huku Scarborough, niseme nini wakiniuliza habari za kwetu.

"Buda, usijichome," akaniambia. "Ukisema una mtoi, watauliza mbona hauko home ukimlea. Sema hauna, story iishe."

Simsingizii Mwangi. Alisema alichosema, akalala. Mimi ndiye niliyeondoka na maneno yake kesho yake.

Walikuwa watatu: Mama Nora, daktari mmoja wa meno, na mchungaji wao. Walinipa chai na biskuti kwenye sahani nyembamba, nikawa nashika sahani ile kama yai. Wakaniuliza habari za masomo, nikajibu vizuri. Wakaniuliza kwetu kukoje, nikawaeleza milima na mifereji ya maji, wakapendezwa. Halafu Mama Nora akaniuliza kama kuna watu wanaonitegemea.

"Mama yangu," nikasema.

"Huna mke? Huna mtoto?"

"Hapana."

Nilisema hapana moja tu kwa maswali mawili. Baadaye nilijaribu kujitetea kwamba ile ilikuwa ya mke. Haikuwa. Nilikuwa nakuona kabisa, umevaa lile gauni la njano alilokushonea bibi yako, na nikasema hapana huku nakuona.

Nikapata. Walinilipia mpaka nikamaliza. Siku niliyopewa habari nilinunua kadi ya simu nikampigia bibi yako, akapiga vigelegele, akakuweka kwenye simu. Ulikuwa unapumua tu, kama watoto wafanyavyo. Nilishindwa kukusemesha. Nikamwambia bibi yako kwamba simu inakatika, nikaikata mwenyewe. Baada ya hapo nilikaa muda mrefu bila kupiga, na bibi akakwambia, na wewe ukaamini, kwamba baba ana mitihani.

Uongo ule ulikuwa wa neno moja, na nilifikiri utabaki kuwa wa neno moja. Lakini kila mwaka kanisa lile huandaa chakula cha mchana cha kuchangisha fedha za mfuko, na mwanafunzi wao husimama kuzungumza. Wakanisimamisha. Nikawa kijana wa Kiafrika aliyeko peke yake duniani, mwenye mama mjane mlimani na ndoto ya kemia. Watu walilia. Mwaka uliofuata nikaongeza chumvi kidogo, kwa sababu nilishajua walilia wapi. Nilikuwa hodari, Namsifu. Kile kipaji chako cha kusimama mbele ya watu, ambacho walimu wako wanakisifu, usidhani umekiokota barabarani.

Niliendelea kusali pale hata baada ya kumaliza chuo. Nilipata kazi kwenye maabara ya kupima maji, nikapata ukaazi. Na hapa nataka unielewe vizuri, kwa kuwa unakwenda kusoma sheria. Kwa watu wa uhamiaji sikukuficha hata mara moja. Jina lako lilikuwamo tangu ombi langu la kwanza. Kule nilikuwa mkweli kwa sababu niliogopa sheria. Kwa wale wazee walionilisha hakukuwa na sheria ya kuogopa, kwa hiyo nikawadanganya wao.

Basi njia ilikuwa wazi. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na nyumba hii, nilikuwa na haki ya kukuombea uje. Kilichobaki ni mimi kukaa chini na kuanza. Lakini nikikuleta nitakupitisha wapi? Jumapili nitaingia na wewe nikisema umetoka wapi? Nikawa nasema wacha kwanza nihame kanisa. Sikuhama, kwa sababu Mama Nora alikuwa ananiita mwanangu, na hapa mjini hapakuwa na mtu mwingine aliyeniita hivyo. Unaona mambo yalivyojipinda? Nilikuwa nang'ang'ania kuitwa mwana, huku mwanangu mwenyewe yuko kwa watu.

Bibi yako akawa anauliza, "Makaratasi yamefika wapi?"

"Bado, mama. Wanayashughulikia."

Alikuwa akiuliza kila tukiongea, nami nilikuwa na jibu lilelile. Wewe ulilisikia jibu hilo mpaka ukalijua. Uliwahi kuniambia kwamba mkicheza na watoto wa jirani, wewe ulikuwa karani wa Kanada, unawaambia wenzako bado, bado, rudini kesho. Ulinisimulia hayo ukicheka, tukiwa kwenye treni. Nikacheka pamoja nawe.

Aliyenitoa mafichoni ni bibi yako. Miguu ilianza kumsumbua, hakuweza tena kushuka kwenda mferejini. Siku moja akanipigia yeye, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya gharama, akasema, "Eliakimu, mimi si mtoto. Mwanao anaota meno ya pili. Mchukue, au niambie humchukui nijue moja."

Wiki ile ile nilianza. Na makaratasi yale tuliyoyasingizia yalikwenda haraka, mwanangu. Hayakumaliza hata mwaka. Nilipompigia bibi yako kumwambia viza imetoka, alisema, "Kumbe mambo yenyewe ni mepesi hivi." Hakuuliza tena, na mpaka anafariki hakukwambia lolote. Kama unadhani alikuwa hajui, basi hukumjua bibi yako.

Ukaja. Mtoto wa darasa la pili, nywele zimesukwa mpya kwa ajili ya safari, unaniangalia kwa adabu kama mtu anayemwangalia mgeni wa bibi. Uliniamkia shikamoo pale uwanja wa ndege na kisha hukujua ufanye nini na mikono yako. Mimi pia sikujua.

Jumapili ya kwanza nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na nafasi yenyewe ilinifuata. Mama Nora alishuka ngazi za kanisa, akainama mpaka akawa sawa na wewe, akauliza, "Na huyu mrembo ni nani?" Ulikuwa umenishika kidole. Nikasema kwa Kiingereza kwamba wewe ni mtoto wa dada yangu. Kwao hilo ni neno moja tu, niece, fupi, linatoka kirahisi.

Tukiwa kwenye basi la kurudi nyumbani ukaniuliza, "Baba, nisi ni nini?"

"Ni mtoto anayependwa sana," nikakujibu.

Ukaligeuza neno lile mdomoni njia nzima, ukilijaribu sauti, umefurahi.

Sijui kama unakumbuka kilichofuata shuleni. Naomba uwe umesahau, lakini siwezi kuutegemea usahaulifu wako niponee hapo. Mwalimu wako wa kwanza, yule mama wa Kitrinidadi aliyekuwa akiwavalisha watoto glavu, alinipigia simu kazini, nikaenda. Akaniambia kila mtoto mgeni alisimama kujitambulisha. Wewe ulisimama ukasema kwa Kiingereza ulichokuwa nacho kwamba wewe ni Namsifu, na wewe ni mpwa wa baba yako. Darasa likacheka. Ulidhani hawakukusikia, ukarudia kwa sauti kubwa zaidi.

"Sitaki kuingilia mambo ya nyumba yako," mwalimu akasema. "Nataka tu kujua mtoto huyu akiugua, nimpigie nani. Wewe ni nani wake?"

"Mimi ni baba yake," nikasema.

Nilikuwa nimeishi mji huu miaka yote ile, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo kwa lugha ya mji. Mwalimu akaandika, akanishukuru, akarudi darasani. Kwake lilikuwa jambo dogo.

Jioni ukaniuliza kwa nini walikucheka. Nikakwambia ni lafudhi yako tu, utazoea.

Ndiyo. Hata jioni ile.

Kwa Mama Nora nilikwenda Jumamosi iliyofuata, wewe nikakuacha na jirani. Nilimkuta jikoni akimenya tufaha. Nilimwambia nimesimama, maana nilijua nikikaa nitakunywa chai kwanza, na baada ya chai sitasema. Akaweka kisu chini.

"Siku ile sebuleni kwangu alikuwa na umri gani?"

"Alikuwa amevuka miaka miwili."

Akafuta mikono, akasema, "Unajua kwa nini tulikuuliza habari ya mtoto? Tulikuwa na kiasi tulichokitenga kwa mwanafunzi mwenye mtoto, ili aweze kumleta. Tuliuliza kila mwaka. Hakuna aliyewahi kusema anaye."

Sikuweza kumtazama. Nilitazama yale maganda.

"Nimekuombea kwa jina lako kila jioni," akaendelea. "Ningependa kumwombea na yeye."

Hakusema amenisamehe. Alichukua kisu akaendelea kumenya, na nilipofika mlangoni akasema, "Mlete Jumamosi. Wewe si lazima ubaki." Ndivyo zilivyoanza zile Jumamosi zako za maktaba. Kwenye mazishi yake uliimba, na watu wakaniambia jinsi alivyokupenda. Alikupenda. Mimi naamini pia kwamba alikuwa analipa kitu ambacho nilipaswa kulipa mimi.

Wale wengine aliniachia niwaambie mwenyewe. Kwenye chakula cha mchangio cha mwaka huo nilisimama, nikasema nina binti, nilikuwa naye tangu mwanzo, na niliwaficha. Wengine walipiga makofi, nadhani hawakuelewa vizuri. Daktari wa meno alielewa. Alikunja kitambaa chake cha mezani akaondoka, na tangu siku hiyo hakuniamkia. Sikumlaumu. Watanzania wenzetu walisema kwa miezi kadhaa, kisha wakapata jambo jingine la kusema.

Kwa hiyo unaona, niliwaambia wote. Mwalimu, Mama Nora, mezani mbele ya watu wenye uma mikononi. Wewe peke yako ndiye sikukwambia. Mwanzoni nilisema bado ni mdogo. Halafu ukakua ukawa unajivunia baba aliyepigana na ofisi, ukawasimulia rafiki zako, na mimi nikiingia sebuleni wananisalimia kwa heshima. Nikaizoea ile heshima. Ilikuwa tamu kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Kisha ukaja ukanisomea yale maelezo, na hapo sikuwa kijana mwenye njaa tena. Nilikuwa mtu mzima, nina kazi, nimeshiba. Ningeweza kusema, "Namsifu, ngoja, hilo si kweli." Nilifikiri: akilibadilisha, atakosa. Nikasema ni nzuri sana. Ukatuma. Ukapata. Siku uliyopata ulinirukia shingoni ukaniambia, "We did it, Dad." Aibu ya ule uongo wa kwanza naweza kuibeba kama kilema, nimeshajifunza kutembea nayo. Hii ya pili ndiyo inayoniamsha. Ya kwanza nilikukana wewe. Ya pili nimekutuma wewe ukaniombee kwa uongo wangu, na hukujua kama umetumwa.

Sasa wamekuandikia kwamba wiki ya kwanza ukifika watakutana nawe kabla ya kukukabidhi msaada wa mwaka mzima. Watakupa chai. Watakuwa watu wazuri, naamini, na watataka kusikia habari za yule mtoto wa mlimani na baba yake mpiganaji. Sikwambii useme nini. Sina uso wa kukwambia. Wewe uliandika ulichokijua, na katika uandishi wako huna hatia hata chembe. Nakwambia tu kilichonikuta mimi: hadithi inayolipa ada hudai kusimuliwa tena, na kila ukiisimulia inakuwa ngumu zaidi kuishi nje yake. Mimi nilipewa miaka ya masomo, na nikalipa kwa miaka yako ya kukua.

Ukiamua kuwaeleza, na wakaamua kukunyima msaada, usiondoke chuoni kimyakimya. Nenda siku ileile kwenye ofisi ya misaada, keti kwenye benchi, sema jina lako. Uliza msaada wa dharura uko kwa nani. Waulize watu wa idara yako kama wana kazi za wanafunzi. Omba ada uilipe kidogokidogo. Watu wengi hawajui kwamba hilo linaombwa. Kisha nipigie mimi, saa yoyote, tutafute pamoja. Nitatafuta kama nilivyopaswa kutafuta mara ya kwanza, kwa kusema nina mtoto.

Na ile nia yako ya sheria usiiache kwa sababu yangu. Nimefanya kazi na watu ambao makaratasi yao kweli yalikaa, na watoto wao kweli waliota ndevu wakingoja. Hao wapo, wanakuhitaji. Ila kwetu sisi haikuwa ofisi. Karani uliyekuwa ukimwigiza ukicheza kwa bibi alikuwa mimi.

Sikuombi unisamehe. Sikumwomba Mama Nora, na nadhani ndilo jambo pekee nililolifanya sawa siku ile. Nilichotaka ni uondoke ukijua kwamba hakukuwa na siku hata moja ambapo ulichelewa kwa sababu hukutakiwa nchi hii. Nchi ilikuwa tayari kukupokea. Baba yako ndiye aliyekuwa hayuko tayari kuonekana na wewe, na hilo halikuhusu thamani yako hata kidogo. Lilihusu yangu.

Nilikusudia kuitia barua hii kwenye mfuko wa koti lako uikute ukiwa angani. Nimeona huo nao ungekuwa ujanja: ningekumbatiwa kwanza uwanjani, nipungiwe mkono, halafu ujue mimi nikiwa mbali. Kwa hiyo nitaiweka hapa mezani, mahali pa kikombe chako, uisome asubuhi kabla hatujatoka. Ndege ni ya mchana, muda utakuwepo. Mama Salome wa ghorofa ya pili nimemwomba akae tayari na gari lake bila kumweleza sababu, na amekubali. Ukitaka akupeleke yeye, atakupeleka, na mimi nitakushushia masanduku mpaka chini, nitakaa kando, sitasema neno.

Ukitaka nikupeleke mimi, gonga mlango wa chumba changu. Nitakuwa nimeshavaa.

Baba yako,
Eliakimu